Baiskeli Isiyolia

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nimekaliwa kikao. Mimi na baiskeli yangu.

Bi Siwema mwenye nyumba kanidaka koridoni natoka kanisani. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba ikatoka imenuna. Akasema jana saa saba usiku nimeingiza ile baiskeli inalia mpaka akaota mbuzi anachinjwa. Kaamka, katafuta mbuzi. Halafu pedali ikapiga ndoo, ndoo ikapiga mlango wa Bushiri, Bushiri akapiga kelele za mwizi. Nyumba nzima vyumba sita ikatoka nje na vitenge.

Kweli tupu. Sikubisha. Na ningetaka kubisha nisingeweza, mi mbele za watu maneno yanaishia kooni.

Bushiri naye alikuwepo. Huyu anauza viatu vya mitumba soko la Mchikichini, mlango wake unatazamana na wangu. Akasema kwa sauti ya upole kabisa, Mama, mi nina mabelo yangu mawili ya viatu, hayalii, hayapigi ndoo, pale inapolala baiskeli yangekaa vizuri sana. Nyoka!

Hukumu: nina wiki moja. Bi Siwema asipoisikia baiskeli mpaka Jumapili ijayo, inabaki koridoni. Akiisikia hata mara moja, inalala nje.

Nje! Baiskeli yangu ya kwanza niliilaza nje. Asubuhi nikakuta kufuli. Kufuli tu, limefungwa vizuri kwenye nguzo. Na chumbani haiingii. Kitanda, ndoo, mimi, kumejaa.

Bushiri akauliza kwani lazima nizunguke usiku, mimi popo? Sikumjibu pale, namjibu hapa kwenye daftari. (Daftari kanipa dada Agnesi, aliniambia niandike andike, niliishia darasa la tano, nisije nikasahau hata hicho kidogo.) Jibu ni hili. Mchana Kariakoo baiskeli huipandi, unaisukuma. Na mi kutwa nzima nauza ndoo na mabeseni dukani, naangaliwa. Usiku hakuna anayekuangalia. Unatoka hapa Ilala, unashika barabara ya Uhuru, unaingia Msimbazi, njia ya mwendokasi yote yako. Upepo unaingia kwenye shati unavimba kama puto. Unapita kwenye harufu ya mikate inaiva, unapita kwenye harufu ya vitunguu malori yanashusha, unapita kwenye taa za barabarani zinakuwakia kijani wewe peke yako, kama waziri. Unafika Kivukoni unageuza. Jasho limekauka. Mji mzima, mtu mmoja.

Siiachi. Nina mpango.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Kinacholia ni cheni. Grisi ya fundi ni hela. Lakini mi huwa naona vitu. Pale Feri kwenye wakaanga samaki kuna dada mmoja, Ritha, kila jioni akizima jiko anamwaga mafuta yaliyobaki. Mafuta si mafuta?

Nimetoka kazini nikaenda. Nikasimama mbele ya meza yake na kopo. Nikasahau kuongea. Akauliza kaka nikupe kibua au changu. Nikanyoosha kopo. Akauliza nataka mafuta. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza haya meusi hivi ya nini, unapaka nywele? Wenzake wakacheka. Nikaitikia tena kwa kichwa, sijui kwa nini!

Sasa Feri nzima inajua napaka nywele mafuta ya samaki. Siendi tena kule mpaka mwakani.

Ila nimepata, nusu lita. Nimelowesha cheni. Nimelowesha ekseli. Nimelowesha na breki, hapo nilipitiliza, sasa nasimama kwa ndala. Kengele nimeivalisha soksi. Madigadi nimeyakaza na vipande vya tyubu.

Saa tano usiku nikatoka. Kimya! Nilikuwa nasikia tumbo langu. Nikapita mlinzi yuko macho, anajikuna, akaendelea kujikuna. Hakugeuka. Raha yake siwezi kuandika. Unateleza kama sabuni.

Saa saba nimerudi, nimepita mlangoni kwa Bi Siwema. Anakoroma. Bushiri naye anakoroma, na anakoroma kwa dharau.

Paka wawili wamenifuata mpaka kizingitini. Sijui wana shida gani.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Usiku wa leo nimeponea mara tatu.

Mara ya kwanza mtu wa guta la mizigo kakata mbele yangu bila kugeuka. Hakusikia kitu. Mara ya pili lori la vitunguu likarudi nyuma. Nikapiga kengele. Soksi! Nimerukia kwenye magunia. Mara ya tatu, kuna baba alikuwa amesimama ukutani anajisaidia, nikampitia nyuma, kashtuka, kageuka kabla hajamaliza. Sitaandika zaidi. Suruali nimeiloweka.

Wabeba vitunguu walinitukana. Walisema we dogo unatembea kama mchawi, utakufa hujasikika. Waliniambia vizuri tu, mwisho wakanisaidia kunyoosha usukani na wakanipa kitunguu.

Nimekaa kitandani nimewaza. Kutoa soksi siwezi, Bi Siwema atasikia. Basi kama hawanisikii, inabidi wanione. Nguo zangu zote ni za giza giza. Natakiwa kitu cheupe. Kikubwa.

Paka watano.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Nimemeza aibu nikaenda Mchikichini mchana, kwa Bushiri huyo huyo. Nikamwambia nataka kitu cheupe. Akauliza unaoa? Nikakataa. Akauliza anaoa nani sasa, baiskeli?

Akainama chini ya meza akatoa joho. Jeupe pe! Refu mpaka kwenye vifundo, mikono mipana kama mapazia. Akasema la kwaya ya Ulaya hilo, lilikuja limejificha ndani ya belo, kila mteja analishika analirudisha, lakini kwako linafaa, si we mtu wa kanisa. Akalifunga kwenye gazeti, mabega yanatikisika kwa kucheka. Acheke. Jumapili tutaona nani anacheka.

Na taa nimeweka. Tochi ya Kichina nimeifunga kwenye usukani na mpira. Mpira umelegea kidogo, tochi badala ya kumulika njia inanimulika usoni. Nikataka kuirekebisha nikaiacha. Wenye magari wakiona sura watajua huyu ni binadamu.

Saa sita usiku. Nimerudi sasa hivi. Mpango umekubali! Hawanipiti, WANANIPISHA! Bodaboda mmoja kaniona kutoka mbali, kageuza, kaondoka na abiria wake kule kule alikotoka. Heshima gani hiyo? Wale vijana wa kahawa pale pembeni ya Mnazi Mmoja waliinuka wote. Mlinzi wa duka la vitambaa kaweka rungu chini, kainua mikono miwili. Mi mtu kunisalimia kwa mikono miwili haijawahi kutokea. Nikampungia. Upepo ukajaa kwenye mkono wa joho, ukapiga pwaaa! Akakaa chini.

Nimeiachia baiskeli kuanzia Msimbazi mpaka Ilala bila kukanyaga pedali, joho limepanuka pande zote mbili, sauti hakuna, barabara hakuna mtu. Nilitaka kuimba. Niliona aibu, ingawa hakuna mtu.

Nyuma paka kumi na wawili. Nimewahesabu kwenye taa.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Mambo mabaya. Mji una jini.

Nimesikia kwa Jovitha asubuhi. Jovitha, mpangaji mwenzangu, anakaanga vitumbua barazani kwetu, habari zote za Ilala zinapita pale kwanza kabla hazijafika kwingine. Kulikuwa na watu wengi kuliko vitumbua. Jini jeupe, wanasema. Halina miguu. Halikanyagi chini, linateleza. Lina mabawa. Uso wake unaning'inia hewani unawaka, macho mekundu, meno hivi. Na nyuma linafuatwa na watoto wake, wamejigeuza paka!

Nikakaa chini na kitumbua mkononi.

Bushiri kaliona kwa macho yake. Alikuwa anatoka kuangalia mpira, likampita hatua tatu. Anasema lilimtazama likatabasamu. Kakimbia mpaka nyumbani na kiatu kimoja, muuza viatu mzima! Jovitha akamwambia si ungesimama ulipimie namba, labda lilitaka raba. Watu wakacheka, Bushiri hakucheka. Midomo ilikuwa myeupe.

Na kuna mlinzi huko Kariakoo, anasema lilimpungia bawa. Leo hajaenda kazini.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, lilipita saa ngapi? Wakasema saa sita kasoro. Njia gani? Msimbazi, Uhuru, mpaka huku kwetu.

Mungu wangu. Ndiyo njia yangu. Ndiyo saa yangu! Tumepishana kidogo sana, labda lilikuwa nyuma yangu tu. Jovitha akaniuliza we Ignasi si unazunguka usiku, hujaliona? Nikamwambia ukweli, sijaona kitu. Akasema basi una bahati wewe.

Nina bahati. Usiku nimeenda kwa kasi kuliko siku zote, nimeinama kwenye usukani, sikugeuka nyuma hata mara moja. Mji ulikuwa mtupu kabisa. Ukiacha woga, safari nzuri sana.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Jana limeonekana tena. Mara hii lilikuwa linakimbia limeinama, wanasema lina hasira.

Mtaa umechangishana. Baada ya swala ya Ijumaa ustadhi kaja, kasoma dua, kila nyumba imefukizwa ubani. Nimechangia na mimi, jini halichagui dini. Nimemwomba kijana wa chetezo apitishe na kwenye baiskeli, kwa usalama. Akapitisha. Akapiga chafya, akauliza mbona inanuka vibua.

Bi Siwema haendi chooni usiku. Choo kiko uani. Jana kajikaza mpaka adhana ya alfajiri, alipotoka alitembea kama bata. Anamtaka mtu mzima amsindikize na hakuna mtu mzima anayetaka. Bushiri amesema ana malaria.

Nikaona upenyo. Nikaenda mlangoni kwa Bi Siwema, nikasema maneno yote bila kupumua. Nikasema Bibi shikamoo, mimi nina baiskeli, baiskeli hailii tena, mwenyewe hujaisikia toka Jumatatu, naweza kuzunguka mtaa usiku kucha nalinda, jini likija nitaliona mimi kwanza, na sitaogopa. Hapo mwisho nilidanganya.

Akasema mwanangu kumbe una sauti. Halafu akasema hivi, mbele ya Bushiri na malaria yake: linda usiku wa leo na wa kesho. Jini lisipoonekana mtaani kwangu, baiskeli inalala koridoni mpaka mimi naingia kaburini, na nitakupigilia msumari wa kuitundikia. Likionekana, basi, mabelo yaingie.

Bushiri akasema yeye hatalala, ataliombea jini lije. Jovitha akamwambia ukiliombea lije litakuletea na kiatu chako.

Nimelinda. Saa nne mpaka saa nane nimezunguka mtaa mara thelathini. Bila joho, nilikuwa nimelifua limelowa. Halijaonekana!

Bado usiku mmoja. Msumari huo.

Jumapili, tarehe 17 Agosti, alfajiri

Nimelowa. Nanuka marashi na vibua. Nitaandika yote.

Jana joho lilikuwa limekauka. Mlinzi lazima aonekane, nikalivaa. Cheni ilianza kukwaruza nikaimalizia mafuta yote ya kwenye kopo. Tochi nimeweka betri mpya.

Saa tano nikatokea upande wa chini wa mtaa, niko shwari. Nikakata kona. Hapo kwenye kona walikuwepo vijana kama kumi na wawili, wamejificha nyuma ya mkokoteni, Bushiri mbele yao ameshika buti kila mkono, mwingine ana ndoo ya maji ya dua yenye marashi. Nilifurahi kuwaona. Nikajua wamekuja kunisaidia ulinzi. Nikainua mkono kuwasalimia.

Wakapiga yowe! Sijawahi kusikia yowe la namna ile. Buti likapita sikioni. Wote wakageuka, wakaanza kukimbia kuja huku nyumbani, na nyuso zao zilikuwa zinaangalia nyuma yangu. NYUMA YANGU!

Basi nikajua limefika.

Sikugeuka. Nilikanyaga pedali mpaka ndala zikatoka. Kadiri nilivyokimbia ndivyo na wao walivyokimbia, kwa hiyo lilikuwa linatufukuza wote. Nikawa napiga kelele ningojeni! Ningojeni! Hawakungoja. Nani angengoja? Nikaanza Salamu Maria, nikachanganya na Baba Yetu.

Wakaingia ndani wote kumi na wawili kwenye nyumba ya vyumba sita, mlango paa! Komeo! Mi nimebaki nje na jini na paka.

Nikagonga. Nikasema fungueni, ni mimi! Ndani wakaongeza sauti ya kisomo. Nikasema ni Ignasi! Nikamsikia Bushiri anasema linajua mpaka majina yetu. Jovitha akasema hiyo sauti ni ya Ignasi. Bushiri akasema Ignasi anayeongea hivyo umemwona wapi? Na kweli.

Bi Siwema akawanyamazisha wote. Akaja mlangoni, akaniuliza kupitia tundu la komeo. Akasema kama we ni Ignasi, niambie kitu anachokijua Ignasi peke yake.

Nilikuwa nahisi pumzi shingoni. (Paka alikuwa amepanda begani.) Akili haifanyi kazi. Nikatoa kitu cha kwanza kilichokuja. Nikasema Bibi, ule mtungi wako wa marehemu mama yako, uliopasuka Krismasi, hakuupasua paka. Ni mimi. Baiskeli iliudondokea. Vipande nilivipanga vikasimama.

Kukawa kimya. Kimya kuliko baiskeli.

Halafu komeo likafunguka taratibu. Bi Siwema akasema, ni Ignasi. Akachukua ndoo kwa yule kijana akanimwagia yote.

Wakatoka na taa. Wakaniangalia. Kumi na wawili na Jovitha na Bi Siwema. Mi kuangaliwa vile sijawahi. Bushiri akashika mkono wa joho, akaugeuza, akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: hili joho langu hili! Jovitha alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema Bushiri umekimbizwa na bidhaa yako mwenyewe.

Paka nane wameingia koridoni, hawatoki. Mmoja analamba cheni.

Jumatatu, tarehe 18 Agosti

Mabelo yameingia. Bushiri kayapanga mwenyewe asubuhi, anapiga mluzi. Ila nje wanamwita Kiatu Kimoja, mpaka watoto wa shule.

Bi Siwema alinuna kutwa ya jana kwa ajili ya mtungi. Jioni kaniita. Akasema jini limeonekana, ahadi ni ahadi, koridoni hailali. Nikainamisha kichwa. Akasema lakini kijana aliyekubali kumlinda kizee asijikojolee, baiskeli yake haitaibiwa nje. Iingie chumbani kwako, utajua mwenyewe inakaaje.

Imekaa kitandani. Ndiyo pekee inapoenea. Mi nalala chini, kichwa kiko chini ya pedali, miguu imetoka mlangoni. Inadondosha tone moja moja la mafuta. Nimezoea.

Sasa mtaa mzima unasema jini lilikuwa ni mimi. Nimelala na hilo neno, nimelichambua vizuri. Nakubali, Jumatano walioniona labda walinifananisha. Joho jeupe, jini jeupe, inatokea. Lakini juzi? Wanaume kumi na wawili wenye mabuti wanikimbie mimi? Mimi hata kuku hanikimbii. Wateja wananipigia kelele, Ritha ananicheka, jogoo wa jirani ananifukuza mimi. Haiwezekani! Wale waliona kitu nyuma yangu, sasa wanaona haya kusema.

Jini lenyewe bado lipo. Na kosa langu nimelijua: ni rangi. Nilivaa rangi yake, likadhani mimi ni mwenzake, likanifuata.

Mchana nimepita kwa Bushiri. Kumbe joho lilikuja na la pili kwenye belo lile lile. Jeusi tii, na kofia yake. Hakucheka leo, aliniuzia haraka haraka akaniomba niondoke mezani.

Tochi nimeing'oa. Soksi nimeongeza moja. Saa tano natoka, Msimbazi mpaka Kivukoni, na halitaniona kabisa. Wala mtu yeyote hataniona.